Harufu Isiyotuhusu

Ukitaja nondo pale mjengoni, fundi atadhani unataka chuma. Ukimtaja nyumbani, utaambiwa ni yule mdudu wa kijivujivu anayezunguka balbu usiku, ama yule ambaye watoto wake hutoboa sweta kabatini. Basi, habari zake huishia hapo. Kipepeo amepata mashairi na vitenge. Nondo amepata kandambili.

Lakini mdudu huyu aliwasumbua watu wenye akili zao kwa miaka mingi sana, na sababu ni moja. Ana kitu ambacho sisi hatuna, na binadamu ni mgumu kukubali kwamba kuna kitu hapa duniani ambacho yeye hana. Kitu chenyewe ni vipapasio, yale manyoya mawili yaliyosimama kichwani kama vitana. Kwa vipapasio hivyo dume humpata jike gizani, mbali, bila kumwona wala kumsikia. Kumpataje? Historia ya swali hilo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu inaanzia kwenye chumba cha mzee mmoja Ufaransa na inafika mpaka kwenye mahindi yetu.

Twende Ufaransa kusini kwanza, kijiji cha Sérignan. Mwaka 1879 alihamia hapo Jean-Henri Fabre, mtu aliyezaliwa 1823 katika familia ya wakulima maskini, akajisomesha mambo mengi peke yake, akafundisha shule miaka nenda miaka rudi kwa mshahara mdogo. Alikuwa ameondoka mji wa Avignon baada ya wakubwa wa pale kukasirika kwamba alikuwa akiwafundisha wasichana jinsi maua yanavyochavushwa. Ati aibu. Huko Sérignan alinunua kipande cha ardhi yenye mawe na miiba, akakiita Harmas, akakaa hapo kuchungulia wadudu hadi alipofariki 1915.

Asubuhi moja ya Mei, nondo jike alitoka kwenye kifukofuko chake juu ya meza ya Fabre. Alikuwa wa ile aina kubwa kuliko zote za Ulaya, ambayo mabawa yake yakitandazwa huweza kufika sentimita 15. Mzee akamfunika kwa wavu wa waya, akaendelea na kazi zake. Usiku, mwanawe mdogo akaanza kukimbia chumbani akipiga kelele kwamba nyumba imejaa nondo wakubwa kama ndege. Kweli ilikuwa imejaa. Madume kama 40 yalikuwa yameingia kupitia madirisha, mengine yakipepea jikoni, mengine yakiuzunguka mshumaa, na mengi yakiwa yameng'ang'ania ule wavu wa jike. Kulikuwa giza totoro, na nyumba ilizungukwa na miti na vichaka. Kwa muda wa siku nane, Fabre alihesabu madume karibu 150. Aina hiyo ilikuwa adimu sana maeneo yale, kwa hiyo lazima yalitoka mbali.

Nani aliwaambia?

Fabre hakuwa mtu wa kukisia na kuondoka. Alichukua makasi, akakata vipapasio vya madume kadhaa, akangoja kuona kama watarudi usiku unaofuata. Wachache mno walirudi. Hapo wengi wetu tungeshangilia: jibu limepatikana! Yeye akafanya jambo la busara. Alichukua madume mengine, akawanyoa manyoya kidogo tu mwilini, vipapasio akaviacha. Hao nao wachache mno walirudi. Tatizo halikuwa makasi. Nondo wa aina hiyo hana mdomo wa kula. Anaishi siku chache kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi, anatafuta jike, anakufa. Dume aliyekuja jana, leo ameshachoka maisha.

Akajaribu njia nyingine. Alimfungia jike ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na hakuna dume hata mmoja aliyekuja. Alipoacha upenyo mdogo tu, wakaja. Hiyo ilielekea kwenye harufu. Lakini alipojaza chumba naftalini, ile dawa kali ya kuweka kabatini, madume walikuja vilevile na kumpata jike moja kwa moja, kama kwamba ile dawa haipo. Mzee akakuna kichwa. Harufu kubwa namna hiyo ingewezaje kushindwa kuifunika harufu ndogo ambayo yeye na watoto wake, pamoja na pua zao nzima, hawakuinusa kabisa?

Baadaye alipata jike wa aina nyingine, anayepatikana kwenye mialoni. Alimweka usiku kucha juu ya mchanga, asubuhi akamhamishia chini ya kifuniko cha kioo dirishani, mahali peupe. Madume walipofika, walimpita yule jike aliye mbele ya macho yao, wakaenda kona ya chumba palipokuwa na mchanga aliolalia. Walikuwa wanauchumbia mchanga! Sasa hapo kulikuwa hakuna ubishi: jike anaacha kitu, kitu chenyewe kinashika mahali alipokaa, na dume anakifuata hicho, si sura. Kabla ya hapo, mzee alikuwa amemweka vunjajungu kwenye kizimba kimoja na jike wa kwanza wa aina hiyo. Vunjajungu akamla. Ilimbidi Fabre asubiri miaka mitatu kumpata jike mwingine wa kuendelea naye.

Ninachokipenda kwa Fabre ni kwamba alifika mlangoni kabisa. Ninachokiona cha kusikitisha ni kwamba hakuweza kuingia. Katika maandishi yake ya mwaka 1900 anakubali kwamba ni harufu, kisha anasitasita. Hiyo ilikuwa enzi ya eksirei, iliyogunduliwa 1895, na ya simu za upepo zisizo na waya. Kila mtu alikuwa anazungumza juu ya mawimbi yasiyoonekana. Fabre akaanza kuwaza kwamba labda kuna harufu za aina mbili, ile ya chembe tunayoijua sisi, na nyingine inayosafiri kama mawimbi ya mwanga. Kwa nini mtu makini namna ile ajitafutie mawimbi? Kwa sababu alishindwa kuamini kwamba chembe kidogo namna hiyo, ambazo pua yake haikuzipata hata akiinamia kizimba, zinaweza kumwita mtu kutoka mbali. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa pua ya Fabre.

Mwaka huohuo wa 1900, Mmarekani Alfred Mayer alichapisha majaribio yake. Alifunika vipapasio vya madume kwa vitu kama vanishi na gundi, akaona kwamba hawampati jike tena. Pia alimkata jike vipande viwili, tumbo huku, kifua na mabawa kule. Madume walikwenda kwenye tumbo. Ni ukatili, najua, lakini swali lilikuwa limepata ncha mbili: kitu kinatoka kwenye tumbo la jike, kinapokelewa na vipapasio vya dume. Kilichobaki ni kukishika kitu chenyewe mkononi.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye sijui nimpende au nimchukie.

Adolf Butenandt alikuwa mkemia Mjerumani, kijana aliyepanda haraka. Mwaka 1939 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya homoni za uzazi za binadamu, lakini serikali ya Hitler ikamkataza kuipokea. Cheti alikipata 1949, vita vikiwa vimekwisha. Isije ikaonekana alikuwa mpinzani. Alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi tangu 1936, aliongoza taasisi kubwa ya sayansi Berlin chini ya utawala ule, na baada ya vita aliinuka tena hadi kuwa rais wa jumuiya kuu ya utafiti ya Ujerumani Magharibi kuanzia 1960. Historia ya sayansi imejaa watu wa namna hiyo. Unachukua maarifa yao, lakini huwezi kujifanya hujui yalipikwa jikoni gani.

Butenandt alifikiri hivi: kama binadamu ana homoni zinazotembea ndani ya damu, nondo ana kitu kama homoni kinachotembea hewani. Akamchagua nondo wa hariri, Bombyx mori. Mdudu huyu amefugwa na watu tangu China ya kale, maelfu ya miaka, hadi amesahau kuruka. Jike hukaa pale alipotokea, akachomoza tezi mbili ndogo kwenye ncha ya tumbo lake, akangoja. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dume akipata harufu yake, hupepesa mabawa kwa nguvu na kumwendea kwa miguu, akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza funguo.

Huko kupepesa mabawa ndiko kulikokuwa mizani ya Butenandt. Hii ndiyo hatua niliyotaka tuione pamoja. Mkemia huyu hakuinusa dawa yake. Wenzake walikata tezi za majike, wakazichemsha katika vimiminika, wakazigawa mafungu kwa mafungu, na kila fungu wakachovya kijiti cha kioo na kumsogezea dume. Mabawa yakitulia, fungu linamwagwa. Mabawa yakipepea, fungu linagawanywa tena, lijaribiwe tena. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hivyo, mwamuzi mkuu wa maabara ya kemia alikuwa mdudu.

Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20, katikati kukiwa na vita na kuhamahama. Iliwatumia majike wapatao 500,000. Nusu milioni! Mwishowe walibaki na miligramu chache tu za kitu safi, ambazo ungeziweka kwenye ncha ya kisu. Mwaka 1959 wakatangaza: ni aina ya alkoholi, mnyororo wa atomi 16 za kaboni wenye viungo viwili maradufu vilivyokaa mahali maalumu. Wakaiita bombikoli. Mwaka huohuo Peter Karlson, aliyefanya kazi na Butenandt, pamoja na Martin Lüscher, wakapendekeza jina la ukoo mzima wa vitu hivyo: feromoni, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba na kusisimua.

Katika mihadhara michache niliyoihudhuria kabla sijaacha chuo, hadithi hii yote ilikuwa mstari mmoja ubaoni: jina, mwaka, fomula. Sikulaumu, mtaala ni mrefu na muhula ni mfupi. Lakini wale 500,000 hawakuwepo kwenye mstari, na swali la Fabre pia halikuwepo, kwa hiyo sikujua kwamba ile fomula ilikuwa jibu la kitu.

Sasa upande wa dume. Kujua barua imeandikwa nini si kujua inasomwaje. Mjerumani mwingine, Dietrich Schneider, alitengeneza njia ya kukiuliza kipapasio chenyewe. Alichukua kipapasio cha dume wa hariri, akaunganisha ncha zake mbili na nyaya nyembamba, akapuliza hewa yenye harufu ya jike. Mshale wa umeme ukashuka, kisha ukarudi. Mwaka 1957 alichapisha. Sasa hata mabawa hayakuhitajika tena: kipapasio kilichokatwa, kikiwa peke yake mezani, kilisema "ndiyo" au "la" kwa lugha ya umeme. Majike alipowapulizia harufu yao wenyewe, vipapasio vyao vilikaa kimya. Jike hasikii sauti anayoitoa.

Kwa miaka iliyofuata, Schneider na wenzake, hasa Karl-Ernst Kaissling, walishuka chini zaidi, hadi kwenye kinyweleo kimoja. Wacha nikieleze kipapasio jinsi kinavyoeleweka leo.

Fikiria kitana chenye meno pande zote mbili, na kila jino limeota vinyweleo. Kipapasio kimoja cha dume wa hariri kina vinyweleo virefu kama 17,000 vya kazi hii tu. Vyote pamoja ni kama chekecheke: hewa inapita, harufu inabaki. Molekuli ya bombikoli inatua juu ya nta ya kinyweleo, inateleza, inaingia kwenye kitundu kidogo mno. Ndani kuna majimaji, na bombikoli ni ya jamii ya mafuta; mafuta na maji hayapatani. Kwa hiyo kuna protini maalumu inayoipokea na kuivusha, kama mtu wa boda anayembeba abiria asiyetaka kukanyaga matope. Protini hizo zilielezwa 1981 na Richard Vogt na Lynn Riddiford, Marekani, pamoja na vimeng'enya vinavyoivunja harufu haraka ikishafanya kazi yake. Bila hivyo vimeng'enya, kipapasio kingejaa harufu za zamani, na dume angekuwa anakimbizana na jike wa dakika kumi zilizopita.

Ng'ambo ya majimaji kuna neva, na juu ya neva kuna kipokezi kinachoitambua bombikoli na karibu kisitambue kingine. Kipokezi hicho kilitajwa na watafiti wa Japani mwaka 2004. Molekuli ikigusa, mlango unafunguka, umeme unakwenda kichwani. Ndiyo maana naftalini ya Fabre haikuzuia chochote. Chumba kilikuwa kimejaa kelele, ni kweli, lakini kelele za mlango mwingine.

Halafu kuna hesabu ya Kaissling na mwenzake Ernst Priesner, ya mwaka 1970, ambayo kila nikiisoma natulia kidogo. Molekuli moja tu inatosha kuiamsha neva moja. Moja. Haiwezekani kuwa mwepesi zaidi ya hapo, kwa kuwa nusu ya molekuli si bombikoli tena. Ila dume haamki kwa molekuli moja. Ubongo wake unangoja neva kama 200 zipige ndani ya sekunde moja hivi, ndipo mabawa yapepee. Ni kama mkutano wa chifu: mmoja akipaza sauti huko nyuma, hakuna anayegeuka; wakipaza wengi pamoja, chifu ananyanyuka kitini.

Swali moja la Fabre lilikuwa bado halijajibiwa. Harufu hupelekwa na upepo, tena haiendi kama uzi ulionyooka. Inakatikakatika kama moshi wa jiko la kuni. Sasa dume anajuaje aende upande gani? Mwaka 1974, John Kennedy na David Marsh, Waingereza, waliwarusha nondo kwenye bomba la upepo lenye sakafu inayosogea. Waligundua kwamba nondo hafuati harufu ikizidi kuwa kali, kama tulivyodhani. Akipata harufu, anaukabili upepo na kwenda mbele, akitazama ardhi inavyopita chini yake ili ajue anasonga. Akiipoteza, anakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, hadi aipate tena. Kwa maneno mengine, kipapasio hakimwambii jike yuko wapi. Kinamwambia yupo. Upepo ndio unaomwonyesha njia.

Kuna buibui huko Amerika aliyelijua hili kabla yetu wote. Hafumi utando wa kawaida. Hutoa harufu inayofanana na ya nondo jike, akaning'iniza tone la gundi kwenye uzi, akangoja. Wanaonaswa ni madume tu. Sisi tulihitaji nusu milioni ya nondo na miaka 20 kuufikia ujanja wa buibui, lakini tulipoufikia, tulifanya kama yeye: tukatengeneza mitego.

Na hapo ndipo hadithi hii inapofika kwetu. Afrika Mashariki tulikuwa na sababu. Viwavijeshi wetu wa asili, Spodoptera exempta, wamekuwa wakitafuna malisho na nafaka tangu zamani, wakitokea ghafla kama waliomwagwa. Kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, kilikuwa kikikusanya hesabu za nondo kutoka kwenye mitego ya taa ili kutabiri mashambulizi. Taa inahitaji umeme, na inanasa kila kitu kinachoruka, uchambue mwenyewe. Feromoni ya nondo huyo ilipotambuliwa katikati ya miaka ya 1970, mtego ukawa kipande cha mpira chenye harufu ndani ya chombo. Hauhitaji waya wala betri, na huwaita wale wanaotakiwa.

Mwaka 1970, Thomas Odhiambo alikuwa ameanzisha kituo cha icipe Nairobi. Mzaliwa wa Kenya, aliyesoma Makerere kisha Cambridge, alishikilia kwamba wadudu wa tropiki wachunguzwe hapahapa tropiki, na Waafrika wawe ndani ya maabara, si nje wakibeba vizimba. Katika miaka ya 1990, kituo chake cha Mbita, pale ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kilishirikiana na Waingereza wa Rothamsted kutengeneza kilimo cha Sukuma-Vuta: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi kuwafukuza nondo wa mabuu wanaotoboa mabua, na nyasi za nepia pembeni kuwavuta. Hapo ni nondo majike wanaotafuta pa kutaga, na harufu ni za majani, si za mapenzi. Lakini harufu hizo zilichambuliwaje? Zilitenganishwa moja moja na kupulizwa kwenye kipapasio cha nondo kilichofungwa nyaya. Ni ile mbinu ya Schneider. Mkulima wa Siaya anayepanda nepia pembeni mwa shamba anafuata ushauri uliotolewa na kipapasio.

Kisha akaja mgeni. Mwaka 2016, kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ambaye asili yake ni Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa Kenya. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Viwavi wakiwa wachanga juu ya majani, mkulima anaweza kupambana nao. Wakishaingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa haiwafikii vizuri, na kinachoonekana juu ni uchafu wao kama unga wa mbao.

Shangazi yangu analima Trans Nzoia. Msimu ule wa 2017 alipita mstari kwa mstari akitia majivu na mchanga kwenye moyo wa kila mhindi, kwa vidole, kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria elfu moja. Afisa wa kilimo hakumwona. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu hivi: "Mwanangu, huyu mdudu mimi nilimwona akiwa ameshaingia." Sentensi hiyo ndiyo shida yote. Hasara yake haikutokana na uvivu, wala na kukosa dawa. Alipata habari ikiwa imechelewa wiki mbili.

Na wiki hizo mbili ndizo mtego wa feromoni unazouza. Ni ndoo yenye kifuniko cha kijani na faneli ya njano, ikiwa na kijimpira chenye mchanganyiko wa kemikali za jike. Unautundika shambani mahindi yakiwa bado machanga. Kila wiki unafungua na kuhesabu. Dume mmoja ndani ya ndoo maana yake majike wako karibu. Wengi maana yake mayai yako njiani, anza kukagua majani. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tusiuzidishie sifa, lakini. Unanasa madume tu, na dume mmoja aliyebaki nje anatosha majike kadhaa, kwa hiyo ndoo moja haimalizi vita. Tena katika nchi mbalimbali za Afrika nondo wa aina nyingine wamekuwa wakiingia humo na kuchanganya hesabu, maana mchanganyiko wa feromoni usipokuwa sawasawa, unaita na majirani. Mtego unahitaji mtu anayejua kuusoma, na simu ya kumpigia mwenye shamba la pili. Hapo ndipo tunaposhindwa mara nyingi, na sayansi ya vipapasio haina lawama. Ujumbe unafika hadi kwenye ndoo, kisha unakosa wa kuubeba hadi kwa shangazi.

Ukipata nafasi, fungua pakiti ya kile kijimpira uinuse. Utapata harufu ya mpira tu. Unaweza kuirudia mara kumi, pua yako haitakuambia lolote, kama ambavyo haikumwambia Fabre. Kisha kitundike jioni pembeni ya mahindi, uende ukalale, urudi asubuhi kuhesabu.